Picha Niliyosema Imeungua

Wapendwa, mchungaji amenipa nafasi ya kusimama, na mnaona kwangu kusimama kwenyewe ni kazi, kwa hiyo nitaegemea meza hii na nyinyi mtanivumilia. Nawasalimu nyote, mlio kwenye mabenchi na mlio nje dirishani. Nina neno ambalo nimelikimbia kwa muda mrefu. Sitataja jina la mtu. Langu mnalijua, na mtakapomaliza kunisikia mtaamua kama bado mnataka kuniita nalo.

Mnaliona kopo hili. Ni kopo la biskuti tu, la bati, nililipata dukani siku za wazungu. Limevuka ziwa mara mbili. Nitalifungua mwisho.

Mimi, minye mnayemwona, nimezaliwa hapahapa Kalundu. Mguu huu wa kushoto uliharibika nikiwa mtoto. Homa ilinishika, na ilipoondoka ikaondoka na nguvu za mguu. Wenzangu walikuwa wakicheza mpira wa majani ya migomba pale nyuma ya maghala ya pamba, na minye nikiwa nimekaa ukutani nawatunzia mashati. Ndugu zangu, nawaambia, mtu asiyeweza kucheza mpira anaupenda vibaya. Anayecheza, jioni anachoka anaenda kulala. Yule wa ukutani hachoki.

Nilipokua nilipata kazi ya ukarani bandarini, kuandika magunia yanayoshuka kwenye meli. Wapagazi wa pale walikuwa na timu yao, na wakubwa hapa wanaikumbuka. Watu walitoka Bwegera na Mutarule kwa miguu kuja kuitazama. Jumapili fotografu alikuwa anakuja kutoka Usumbura na sanduku lake la miguu mitatu na kitambaa cheusi. Kabla ya mchezo aliwapanga: hawa wasimame wamekunja mikono, hawa wachuchumae, na mpira ukae katikati umeandikwa mwaka kwa chaki. Akiingia chini ya kitambaa, uwanja wote unanyamaza. Hata akina mama wa karanga walinyamaza.

Ndiyo, njo hapo nilianza kukusanya picha. Mwanzo nilinunua za wale niliowaona kwa macho yangu. Halafu nikataka za zamani, za wale waliocheza kabla sijazaliwa, waliokuwa wanacheza miguu mitupu na wamefunga kikwembe kiunoni. Hizo hazikuwa za kununua. Zilikuwa kwenye kuta za nyumba za watu, zimepigiliwa msumari karibu na kalenda ya misheni. Kwa hiyo nilijifunza kuzitoa ukutani kwa maneno. Nakwenda kwa mtu, nakaa, nakunywa maji yake, namsifu baba yake aliyekuwa beki asiyepitika. Mtu akisifiwa baba yake analainika. Hapo nasema, "Nipe niipeleke Usumbura wapige kopi, nitarudisha."

Na kweli zile za kwanza nilizipeleka. Lakini nyinyi hamjui kopi za siku zile. Uso wa mtu mweusi ukipigwa kopi unazidi weusi. Macho yanazama, pua inapotea, kinabaki kitu chenye kofia na meno. Nikawarudishia wenyewe kopi, picha yenyewe nikabaki nayo. Walishukuru, hawakujua. Baadaye nikaona hata safari ya Usumbura ya nini. Nikawa nachukua tu.

Mama pale nyuma unatikisa kichwa. Tikisa, ni haki yako.

Nilizitunza vizuri, hilo siwezi kulikataa. Kila moja niliizungushia karatasi ya sukari, ile nene ya buluu. Niliweka majani ya tumbaku ndani ya kopo ili mende wasisogee. Na nyuma ya kila picha niliandika kwa penseli: jina la mchezaji, mahali alipocheza uwanjani, nyumba nilikoitoa, na chini kabisa, "Ya kurudisha." Sijui niliandika hivyo kwa nini. Nadhani nilitaka kujiona mtu mwema. Mwizi gani anajiandikia karatasi ya deni, akaikunja, akaifungia kwenye kopo?

Sasa nifike kwa golikipa.

Alikuwa mtu wa Mutarule, mpagazi, mikono mirefu mpaka inakaribia magoti. Wakubwa mnamjua, na msimtaje. Mpira wa juu aliushika kwa mkono mmoja, halafu anauangalia kidogo kabla ya kuurudisha, kama anauliza umetoka wapi. Uwanja wote ulikuwa unangoja huo mtazamo. Alipigwa picha moja tu peke yake, juma alilooa. Amesimama mbele ya goli, mpira kifuani, kofia ya sufu aliyofumiwa na mke wake imekaa upande. Hacheki, lakini unaona kwamba fotografu akimaliza tu atacheka. Picha hiyo ilikuwa nyumbani kwake Mutarule, na minye nilikuwa sipati usingizi kwa ajili yake.

Nilikwenda kiangazi kimoja kabla ya uhuru. Yeye alikuwa kazini Kalundu, nami nilijua kwamba hayuko. Nilimkuta mke wake, msichana bado, anachambua mchele uani. Alinipikia wali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, akaniwekea maji ya kunawa. Nilimwambia maneno yangu. Akatoa picha ukutani mwenyewe, akaipangusa vumbi kwa kikwembe chake, akaniuliza swali moja tu.

"Karani, itarudi mbele ya mavuno ya mupunga?"

"Mbele ya mavuno, mama," nikasema.

Mavuno yalikuja yakapita. Golikipa mwenyewe alinikumbusha mara mbili pale bandarini, kwa heshima, kwa sababu aliniita mkubwa wake. Nilimwambia fotografu ana kazi nyingi. Halafu uhuru ukaja, watu wakaimba barabarani siku tatu, wazungu wakaondoka na mizigo yao, na nani tena atauliza picha. Nikaona jambo limekwisha.

Ulipofika wakati wa uasi, miaka michache baada ya uhuru, mnajua wenyewe. Sitawasimulia, kila mmoja hapa ana yake. Nitasema yangu tu. Siku tuliyokimbia, mtumbwi ulikuwa umejaa, mvuvi akasema mzigo upunguzwe la sivyo tunazama sote. Mke wangu alikuwa na gunia la unga wa muhogo, aliousaga mwenyewe. Minye nilikuwa na kopo hili ndani ya shati. Nililishika lile gunia nikalisukuma majini. Kule ng'ambo tuliomba chakula kwa watu tusiowajua, na watoto wangu walijifunza kunyoosha mikono. Mke wangu aliangalia tumbo langu mahali kopo lilipokuwa, akageuza uso.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa na kuta tupu. Bandari imelala, kazi ya ukarani haipo, vitanda vimekwenda, hata mlango umekwenda. Kopo lilikuwepo. Wapendwa, nilianza kulipenda kwa namna nyingine. Nilijiambia, hawa watu wote wamepotea, uwanja umeota nyasi, minye njo nimewaweka. Kila mchana nilikuwa nafungua, nawapanga mkekani, mabeki nyuma, washambuliaji mbele, golikipa wangu golini. Watoto wakisogea nawafukuza. Nilikuwa mtu mzima anacheza peke yake, na nyumba ina njaa.

Halafu siku moja, saa nne asubuhi, mwanamke akapiga hodi mlangoni, pale ambapo mlango ungekuwa. Sikumtambua. Alikuwa amekonda, amevaa nguo nyeusi iliyopauka, na kichwani ana kikapu. Akakishusha, akakaa chini, akavuta pumzi. Alikuwa ametoka Mutarule kwa miguu siku mbili.

"Karani, hunijui? Minye ni mama wa Mutarule. Nimekuja juu ya ile foto ya bwana yangu, ile ulibebaka kwetu."

Akanieleza polepole, bila kulia. Wakati wa uasi mume wake aliondoka kwenda Bwegera kutafuta mchele, hakurudi. Watu wenye silaha walikuwa njiani siku hiyo, wa upande gani hakuna aliyejua. Mwili haukuonekana. Nyumba ikaungua na kila kitu, shati lake, jembe lake, kofia ile. Mwenyewe alikimbia na mimba, akajifungua njiani, mtoto wa kike.

"Sasa mashemeji wananiambia matanga haiwezi kuisha maneno matupu," akasema. "Banataka kitu kimoja yake ya kuweka chini, tuombe, tumalize. Minye niko na nguo hii mwaka ya tatu. Mutoto hawajamuzungusha kwa wandugu, kwa sababu matanga ya baba yake haijaisha. Kitu yake yote iliungua. Nikakumbuka kuko foto kwa Karani."

Ndugu zangu, kopo lilikuwa chini ya mkeka niliokalia. Nilikuwa nalisikia kwenye paja. Ningeinama tu.

Nikasema, "Mama, iliungua."

Akaniangalia. "Iliungua?"

"Mu uasi. Vitu vyote viliungua, mama."

Nilikuwa nangoja alie ili nimfariji, mniamini, nilikuwa tayari kabisa kumfariji. Hakulia. Akasema, "Basi, ni sawa na nyumba yetu." Halafu akasema tena, taratibu, "Mutoto njo alikuwa anataka kumuona baba yake." Akainuka, akakung'uta nguo, akanisogezea kikapu. Kilikuwa kimejaa mchele mpya. Alikuwa ameniletea shukrani kwa kumtunzia picha. Nikamwambia arudi nao, akakataa, akasema kikapu kitamsumbua njiani. Akaenda.

Mtaniuliza kwa nini. Nami nimejiuliza. Hapakuwa na mtu wa kuinunua. Sikuwa na shida naye. Niliona tu kwamba nikiitoa ile, golini hapatakuwa na mtu. Njo sababu yote. Nimeitafuta nyingine nzuri zaidi sijaipata.

Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Ukuta ulikuwa na matundu, alisikia yote. Alichukua ule mchele akaupika wote, watoto wakala mpaka wakalala hapohapo. Minye aliniletea sahani yangu peke yake, wali mtupu, mweupe. Halafu akainua mkeka, akatoa kopo, akaliweka kando ya sahani.

"Kula," akasema. "Mboga yako njo ile."

Nikamwambia, "Mama watoto, hujui kazi niliyofanya kuzitunza."

"Nayijua. Unga yangu iko ndani ya ziwa kwa ajili yake." Akakaa mbele yangu, jambo asilolifanya wakati nakula. "Ule mama hakuja kuomba kitu yako. Alikuja kuomba kitu yake."

Wali ule sikuumeza. Nao ulikuwa wali mzuri.

Mkidhani niliamka nikaenda Mutarule siku ile, mnanidhania wema ambao sikuwa nao. Nilikaa wiki tatu. Niliendelea kuwapanga mkekani, lakini kila nikimgeuza mmoja naona maandishi yangu: ya kurudisha, ya kurudisha. Nikaacha kuwageuza. Halafu nikaacha kuwapanga. Nikawa nakaa na kopo limefungwa, na hata chakula cha jirani nilikuwa nakiona kama kimetoka kwenye kile kikapu. Mke wangu alinipa maji ya kuoga, alinipa kula, na maneno hakunipa. Wiki ya tatu nilimwambia, "Kesho naenda." Akajibu, "Fimbo yako iko nyuma ya mlango." Mlango hatukuwa nao, lakini fimbo ilikuwepo, ameipaka mafuta.

Dereva wa lori la pamba alinichukua bure mpaka barabara ya Mutarule. Kutoka hapo nilikwenda na mguu huu, karibu siku nzima, picha kifuani ndani ya karatasi yake ya buluu. Njiani nilipanga maneno. Nitasema niliikuta chini ya vitu. Nitasema mtoto aliificha. Nilikuwa na uongo wa kutosha mpaka nilipoiona nyumba.

Alikuwa uani, mahali palepale, anachambua mchele. Nyumba mpya, ndogo. Nguo nyeusi hakuwa nayo tena, amenyoa kichwa. Niliona hicho kichwa nikajua.

"Matanga imeisha, mama?"

"Imeisha. Juma lililopita."

"Mliweka nini?"

Akanionyesha kwa kidevu, pale pembeni ya lupango, kiwanja cha nyumba yake, udongo umefukuliwa na kufukiwa upya, mahali padogo. Mashemeji walikuwa wamechoka kungoja. Ndugu mdogo wa golikipa alisuka mpira wa majani ya migomba, kama ule waliochezea utotoni, akasema mikono ya kaka yake iliujua huo kuliko shati lolote. Njo huo waliouweka chini. Golikipa ambaye watu walitembea siku mbili kumtazama, mahali pake ulifukiwa mpira wa migomba, kwa sababu minye nilikalia uso wake.

Nikatoa ile karatasi. Nikaifungua. Maneno niliyopanga njiani yalikuwa yamekwisha yote, nikampa tu, na mikono yangu miwili.

Aliishika mbali kidogo, halafu karibu. Aliangalia kwa muda mrefu sana. Kuku wakaingia kwenye mchele, hakuwafukuza.

"Kumbe alikuwa mutoto hivi," akasema. "Sasa minye nimekuwa mukubwa kwake."

Halafu akainua macho. Hakuwa na hasira, na ningependa awe nayo.

"Karani, kwa nini ulisemaka iliungua?"

"Mama, niliipenda ile foto."

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa.

"Na minye nilimupenda yeye," akasema.

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi ndani ya nyumba hii, na mchungaji atanisamehe. Hakuna lililonikata hivyo. Nililia pale uani mbele ya kuku. Yeye hakunifariji. Alimwita binti yake, mtoto wa miaka mitatu, akamchuchumaza, akamwonyesha. "Huyu njo baba yako." Mtoto akaweka kidole kwenye mpira, si kwenye uso. Akauliza baba amebeba nini. Mama yake akamjibu kwamba ni mpira. Mtoto akageuka, akaangalia ile pembe ya lupango ambako alikuwa ameona wakubwa wanaufukia.

Nilipoaga, alinipa maji ya kunywa. Wali hakunipikia, na ilikuwa sawa. Nilipofika njiani akaniita.

"Karani. Kuko zingine?"

"Ziko, mama."

"Basi weye ujue kazi yako."

Ndiyo kazi nimefanya tangu hapo, na fimbo hii. Nimefika Bwegera, nimefika vijiji vya milimani, nimerudi Mutarule mara mbili. Napiga hodi, nageuza picha, nasoma maandishi yangu mwenyewe kwa sauti mpaka lile neno la mwisho. Wengine wamenifukuza, na wana haki. Mzee mmoja alinipiga kofi, halafu akaniambia nikae tule. Zile kopi nyeusi nilizowadanganya nazo, nazibadilisha. Kuna nyumba nilizikuta ni majani tu, nikauliza majirani mpaka nikapata shangazi, mjomba, mtu yeyote wa ukoo. Na kuna ambazo hata wa kuulizwa sikumpata.

Namshukuru mvuvi aliyenivusha, ingawa kopo lilikula nafasi ya unga. Namshukuru dereva wa lori. Namshukuru yule mama wa Mutarule, ambaye hajaniambia amenisamehe, nami sijamuuliza. Mke wangu amekaa pale benchi la tatu, anainamisha kichwa kwa sababu hapendi kutajwa, kwa hiyo simtaji. Anajua.

Somo langu ni dogo. Ukikaa na kitu cha mwenzako mpaka ukaanza kukipenda, usingoje mwenyewe aje kukiomba. Ondoka weye, na mguu wowote ulio nao. Mwenyewe akija kwanza utamdanganya. Usijiambie weye ni mwema, utamdanganya.

Sasa naomba akina papa, baba zetu hawa wa mbele, wanisaidie kufungua, mfuniko umeshika kutu. Zilizobaki nitazipanga juu ya benchi hili la mbele, uso juu. Tukimaliza kuomba, piteni mmoja mmoja, msiharakishe. Ukimwona baba yako, au kaka yako, au mtu wa lupango lenu, usiniulize kitu, mchukue uende naye nyumbani. Kopo likibaki tupu mke wangu ameshasema atalitia chumvi. Chumvi ameinunua tayari, iko kwenye jani, inangoja.